Zimwi la Ufizini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kinywa, na mlangoni mwake pakakaa zimwi.

Basi, palikuwa na msichana, jina lake Mwanakheri. Mama yake alifariki akamwachia kicheko chake. Baba yake kila akikisikia, husema marehemu hajaenda mbali.

Siku moja jino la mbele la Mwanakheri likang'oka. Shangazi yake akamwambia alitupe juu ya paa, amwombe mjusi ampe jipya. Akatupa. Mwaka ukapita, jino halikuota. Mwanakheri akaona haya, akaacha kucheka. Nyumba ikanyamaza.

Shangazi akasema mtoto ametupa vibaya, arudie kwa kitu mfano wa jino. Akatupa punje ya mchele. Akatupa punje ya hindi. Akatupa kokoto. Mchele na hindi vikaliwa na kuku. Kokoto ikamrudia shangazi utosini.

Basi akaitwa Bi Rehani, mkunga. Akauliza nani ametazama kinywani. Hakuna. Watu wazima na akili zao, mwaka mzima wanatazama makuti.

"Fungua, mwanangu."

Akapapasa ufizi, akakuta uvimbe mgumu. Ndani ikatoka sauti nyembamba:

"Nimekaa mlangoni, sitoki."

"Nani wewe?"

"Zimwi. Nina meno thelathini."

Lilikuwa dogo kama kunde, limekumbatia mfuko wa vijino mfano wa chembe za ulezi. Nyuma yake jino la Mwanakheri limebanwa, linaanza kupinda.

"Thelathini," akasema Bi Rehani, "na hata wali hujapata kutafuna. Wenzako humeza ng'ombe. Wewe huumi, huli, humtishi mtu. Kazi yako kuziba njia ya mtoto. Zimwi gani wewe?"

"Nimekaa mlangoni, sitoki."

"Miaka arobaini natoa waliokwama mlangoni. Nishindwe na kunde?"

Akasema Bismillahi, akapasua ufizi kidogo kwa wembe safi.

"Nimekaa mlango..."

Akalichomoa na mfuko wake, akalitupa uani. Kuku akalidonoa, akalitema.

Mwezi wa tatu baada ya hapo jino likachungulia. Siku moja Mwanakheri akacheka. Baba yake alikuwa akichonga mpini. Akaweka tezo chini, akasikiliza.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye tezo chini. Mtoto asipoota jino, mfungue kinywa utazame. Mungu hakuliweka jino juu ya paa.