Vitanda Juu ya Matofali

Kama una ndugu anayetafuta nyumba ya kununua, msomee hii kabla hajatoa hata shilingi.

Mama Nsia aliuguza wagonjwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, akasema kiinua mgongo chake chote atanunulia nyumba ya kupangisha, asije akawa mzigo kwa wanawe.

Akapata ya vyumba kumi, mali ya Bwana Mafuru. Loo, ilivyong'aa! Rangi mpya toka barazani hadi chooni.

"Bati imara, maji yapo, wapangaji watulivu," Bwana Mafuru akainadi. "Lipa leo, mama. Wenzako wanaimezea mate."

"Kwanza nipige hodi kwa wapangaji. Siwezi kununua nyumba ya watu bila kuwasalimu."

Bwana Mafuru akakunja uso. Kumbe alishawaonya: atakayefungua mdomo atatupiwa virago nje. Mwanamume mzima, anatishia akina mama wenye watoto wadogo!

"Karibu," akasema Mama Zawena wa chumba cha kwanza, macho chini. "Nyumba nzuri. Haina shida."

Mama Nsia akatazama kitanda. Kimeinuliwa juu ya matofali, na mfuko wa unga unaning'inia kwenye boriti. Chumba cha pili, matofali. Cha tatu, matofali. Na huko nje ni kiangazi, vumbi tupu!

Akarudi cha kwanza. "Hebu nisaidieni kusogeza hili kabati."

"La nini tena?" Bwana Mafuru akadakia.

Likasogezwa. Fundi rangi alikuwa mvivu, nyuma ya kabati hakupaka. Ukutani palikuwa na mstari wa tope la mafuriko, unaomfika mtu juu ya magoti.

Mama Nsia akawaka. "Kila masika watoto wanalala na maji chini yao, na wewe badala ya kuchimba mtaro unanunua rangi! Huna haya?"

Bwana Mafuru akamgeukia Mama Zawena. "Ni wewe uliyemwambia!"

"Mwache, hajasema neno! Nimeuguza wengi walioniambia hawaumwi, huku wameshika tumbo."

Hapo Mama Zawena akainua macho. "Basi sasa nasema. Mwaka huu nilimbeba mwanangu begani mpaka asubuhi, na kodi ukaja kuichukua siku hiyo hiyo."

Milango mingine ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine. Mama Nsia akafunga mkoba wake, fedha zote zimo. Bwana Mafuru akabaki na nyumba yake na wapangaji wasiomwogopa tena.

Funzo: Ukienda kukagua nyumba ya wapangaji, usiulize ukuta umepakwa nini; tazama wanaolala humo wanajikinga na nini.