Mto Unalala Wapi?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, kando ya mto mkubwa, aliishi Habona na mama yake mzazi, bibi asiyeweza kutembea. Mto uliwabomolea nyumba mara mbili, na mara zote Habona alimtoa mama yake majini mgongoni. Sasa alikuwa akisimika nguzo za nyumba ya tatu, na aliogopa kweli, maana mgongo wake nao ulikuwa umechoka.

Asubuhi moja akamkuta Kiboko amelala kati ya nguzo zake.

"We! Toka kiwanjani kwangu!"

"Kwako?" Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Mama, hiki ni kitanda cha mto. Ukishiba mvua huja kulala. Kwani hujui?"

Habona akasahau hasira. Kumbe mto hulala! Mbio kwa Mzee Komora, mgawa viwanja.

"Baba, mto unalala wapi?"

"Mambo ya maji mimi simo. Muulize Buya."

Mbio kwa Mzee Buya, mlinzi wa maji.

"Baba, mto unalala wapi?"

"Napajua tangu utoto. Ila mambo ya viwanja mimi simo. Muulize Komora."

Jamani! Wazee hawa hawakukalia mkeka mmoja, eti babu zao waligombania kambare. Kambare mmoja! Basi kiangazi huyu anagawa viwanja, masika yule anapiga ngoma watu wakimbie.

Habona akawaza. Akatandika mkeka kati ya nguzo zake, akamketisha mama yake, akatuma watu wawaite wazee wote wawili waje kumwamkia. Nani angekataa? Na bibi mzee humwamkii ukiwa umesimama. Wakaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Habona akadakia, "Mto unalala wapi?"

Buya akanyoosha kidole, taratibu, toka mti huu hadi mti ule. Komora akakifuata kwa macho, akashika kichwa.

"Ala! Viwanja vyangu vyote!"

Wakagawa upya wakiwa pamoja: nyumba kilimani, kitandani mwa mto mpunga na malisho. Habona akang'oa nguzo zake, Kiboko akazisukuma kwa pua hadi kilimani.

Masika yakaja. Maji yakapanda, yakajaa, yakatulia. Bibi akainua kichwa.

"Habona, nani huyo anavuma?"

"Mto, mama. Umekuja kulala."

Bibi akajivutia shuka. "Basi uache ulale. Na wewe pumzisha mgongo."

Hadithi yangu imeishia hapo, kilimani, pakavu.