Mbio za Banzi Kinyozi

Aliyeshuka na mto asijisifu mbio.

Leo mmeisikia methali hii kwa shangazi yenu, alipokuwa akimjibu yule kijana anayejigamba kwamba duka lake linauza kuliko yote sokoni, na kumbe duka lenyewe aliachiwa na baba yake likiwa limejaa bidhaa na wateja. Mlicheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka kwa kinyozi mmoja na baiskeli yake. Sikilizeni ilivyokuwa.

Katika mji wa Dakalo, kando ya mto Lumwezi, alikuwepo kinyozi aliyeitwa Banzi, kijana mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku hizo mji ulikuwa umetandika lami kwenye njia ya kando ya mto, kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli tu. Njia ilianzia nyuma ya soko, ikapita machinjioni na kwa madobi, ikauacha mji, ikaingia kwenye mashamba ya miwa na majaruba ya mpunga, hadi kijiji cha Mikuyuni. Ukiitazama utaapa kwamba ni tambarare kama mkeka.

Banzi alinunua baiskeli ya mtumba yenye gia, na Jumapili ya kwanza akaenda nayo Mikuyuni kumsalimu mjomba wake, Mzee Pazi. Aliruka! Miguu ilizunguka yenyewe, miwa ikampita kama watu wanaokimbia mvua, na jasho hakulijua. Jioni alipata lifti ya trela la miwa lililokuwa likienda mjini kwa barabara kuu, akarudi amekaa juu ya mzigo na baiskeli yake, anatafuna. Kwa hiyo njia ile aliijua kwa upande mmoja tu, ila jambo hilo halikumpitia kichwani.

Tangu siku hiyo hakunyolewa mtu Dakalo bila kusikia habari za Mikuyuni. Banzi alisimamisha mkasi hewani akasema, "Mimina chai hapa, uiache. Mimi naenda Mikuyuni na kurudi, nakukuta bado unaipuliza!" Wateja wengine walichoka kungoja wakaondoka hivyo hivyo. Mzee mmoja alikwenda msibani na ndevu za upande mmoja.

Jirani na kibanda chake aliuza vitenge binti aitwaye Mashavu. Walikuwa wamependana na wamekubaliana. Kilichobaki kilikuwa baba yake, Mzee Chanzi, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga kengele wa shule. Kwake yeye, mtu mchelewaji na mtu mwongo walikuwa mapacha. Alikwisha kumrudisha mchumba mmoja mlangoni kwa sababu mshenga wake alifika chai imekwisha kunywewa. Kwa Banzi alitoa neno moja: posa iletwe Jumamosi, kabla ya adhana ya alasiri. Baada ya hapo asisumbuke.

Mshenga alikuwa yule mjomba, Mzee Pazi. Wiki hiyo daraja la barabara kuu lilikuwa likitengenezwa, basi la Mikuyuni halikuja mjini. Mashavu akamwambia Banzi, "Mlete mjomba tangu Ijumaa, alale kwako."

"Ijumaa ya nini? Unamjua unayezungumza naye?"

"Namjua. Ndiyo maana nasema Ijumaa."

Banzi alicheka. Jumamosi akafungua kibanda kama kawaida, akanyoa, akasimulia, akanyoa tena. Jua lilipokuwa utosini ndipo alipovaa shati jipya na kupanda baiskeli. Madobi wakampigia vigelegele, naye akaachia usukani na kuwapungia mikono yote miwili. Alifika Mikuyuni anapiga mluzi.

Mzee Pazi alikuwa mtu wa mwili. Alipokaa kwenye keria, amevaa kanzu na kofia, gurudumu la mbele lilitaka kupaa. Akajiweka sawa, akakunjua mwavuli mweusi kujikinga na jua, akasema, "Bismillahi. Twende, mjomba."

Wakaenda. Kwenye jaruba la kwanza Banzi aliona pedali zimekuwa nzito. Akasimama, akachungulia breki. Hazikugusa. Wakaenda tena. Kwenye jaruba la pili akashuka kubonyeza matairi, yamejaa. Akabadili gia, mnyororo ukalia kama mbuzi, mambo yakawa yale yale. Shati jipya lilishika mgongo.

"Mjomba," alisema akihema, "asubuhi ulikula nini?"

"Uji tu."

"Uji gani huo?"

"Wewe kanyaga, usinihesabie matonge. Si ulisema chai haipoi?"

Kwenye mashamba ya miwa bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani aliwafikia kutoka nyuma. Mzee Pazi akamsalimu kwa heshima zote, wakaulizana habari za mvua, za wajukuu na za panya walioingia kwenye mahindi. Salamu zilipokwisha, bibi aliaga akatangulia. Baiskeli ilikuwa bado haijaupita mti uliokuwa kando yao salamu zilipoanza.

Hapo Banzi alishuka, akaiegemeza baiskeli, akaketi kwenye ukingo wa lami. Alitazama kule mjini. Mnara wa msikiti ulionekana mdogo kama njiti ya kiberiti. Moyo ukamshuka.

"Siielewi njia hii," alisema. "Wiki ile nilipaa. Leo mchana nimepaa. Sasa imekuwaje?"

Mzee Pazi alichomoa jani la muwa, akalitupa mtoni. Jani likazunguka kidogo, kisha likashika safari ya Mikuyuni, tena kwa haraka.

"Maji yanakwenda wapi, mjomba?"

"Kwenu."

"Umewahi kuona maji yanapanda mlima?"

Banzi alilitazama jani mpaka likapotea. Kisha akaitazama njia, akaitazama vizuri, na macho yakamfunguka. "Kumbe ni mteremko," alinong'ona. "Njia nzima."

"Mdogo, lakini mrefu," alisema Mzee Pazi. "Sasa simama. Mimi kutembea kwenye lami hii siwezi, goti langu unalijua."

Basi Banzi akaikokota baiskeli na mjomba wake juu yake, mwavuli umekunjuliwa, kama anasindikiza sultani. Hivyo ndivyo walivyoingia mjini. Madobi waliacha nguo zikaelea. Mmoja aliuliza, "Banzi, chai tuipashe?" Walipofika machinjioni, adhana ya alasiri ikaanza. Banzi aliisikia hadi neno la mwisho, lakini hakusimama.

Mzee Chanzi alikuwa mlangoni, saa mkononi. Mzee Pazi alishuka, akakunja mwavuli, akamwegemea Banzi sikioni. "Niachie mimi. Nitasema tumepata pancha." Mshenga, mnajua, hakosi maneno.

"Nini kimewachelewesha?" aliuliza Mzee Chanzi. "Pancha, au mvua? Yule wa kwanza aliniambia pancha."

Mzee Pazi alifumba mdomo. Banzi akasogea mbele, shati limegeuka rangi, akainama.

"Shikamoo, baba. Si pancha wala mvua. Nilikwenda Mikuyuni nikiteremka na mto, nikadhani mbio ni zangu. Nikajisifu mji mzima. Mashavu aliniambia nimlete mjomba tangu jana, nikamcheka. Leo nimerudi ninapanda, na mbio sikuziona."

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko. Mashavu alijaribu kukibana kwa kanga akashindwa. Midomo ya Mzee Chanzi ikaanza kucheza. Akageuka kutazama ukuta, mabega yakitikisika, na alipogeuka tena alikuwa anafuta machozi.

"Marahaba," alisema. "Nimepiga kengele miaka mingi, nimesikia kila uongo wa mchelewaji. Huu ukweli ni wa kwanza. Lakini muda umepita, na neno langu ni neno. Leo posa siipokei." Banzi akainamisha kichwa. "Njooni kesho. Na mje kwa miguu! Baiskeli hiyo nisiione hapa." Akamshika bega. "Na tangu leo shika hili, mwanangu: aliyeshuka na mto asijisifu mbio."

Kesho yake walifika mapema hata kabla ya uji kuiva, na posa ikapokewa. Neno la Mzee Chanzi halikubaki pale mlangoni. Madobi walilichukua, wakalipeleka sokoni. Wavuna miwa wakalibeba hadi Mikuyuni. Mtu akitajirika kwa mali ya urithi, walimwambia. Mwanafunzi akishinda kwa kubebwa na wenzake, walimwambia. Na kinyozi Banzi, kila alipoanza hadithi ndefu huku mteja ana ndevu za upande mmoja, alisikia sauti ya mkewe kutoka kwenye vitenge, taratibu, bila hata kuinua macho: "Aliyeshuka na mto asijisifu mbio."