Vipimo vya Stumai

Kipimo cha jirani hakimtoshi shangazi. Ndivyo mwalimu wenu alivyoandika kwa wino mwekundu chini ya insha zenu mbili zinazofanana, na sasa mmenijia mkiuliza shangazi anahusika vipi na insha. Kaeni, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo.

Tulikuwa tukijifunza ushonaji katika chuo kimoja kidogo cha Korogwe. Mtihani wa mwisho ulikuwa huu: kila mwanafunzi ampime jamaa yake, aandike vipimo daftarini, akate na kushona gauni, kisha huyo jamaa alivae mbele ya darasa. Gauni likikaa, unapata cheti. Lisipokaa, unarudia mwaka mzima.

Mwajabu alitushinda sote kwenye cherehani, lakini hesabu ilimtoa jasho. Kuchukua kipimo cha kifua na kukigawa kwa nne kulimkosesha usingizi. Alikuwa amemchagua shangazi yake aliyemlea, Bi Mwantumu, pande la mama ambaye Mungu alimjalia bila kumpimia. Basi siku ya kukata ilipokaribia, Mwajabu alifungua daftari la jirani yake Stumai, akanakili tarakimu zote. Stumai alikuwa amempima mdogo wake, kisichana chembamba cha darasa la sita.

Alipokata, kitambaa kilibaki kingi. Badala ya kujiuliza, akafurahi. Akatuambia, "Mnaona? Fundi hodari habadhiri kitambaa."

Siku ya mtihani Bi Mwantumu alipokea gauni, akaingia nyuma ya pazia. Tukangoja. Pazia likatikisika, likatulia, likatikisika tena.

"Mwajabu," sauti ikatoka, "hili ni gauni au ni soksi?"

Mwishowe akatoka na kanga yake kiunoni, gauni limekwama kichwani na mkono mmoja uko juu kama anayeomba ruhusa ya kusema. Ilibidi watu wawili wamvue. Darasa zima lilicheka, nami nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

Mwalimu Shekilindi hakucheka. Aliomba daftari la Mwajabu na la Stumai, akayaweka pamoja. Stumai alikuwa ameandika ishirini na nane, akaikata, akaandika ishirini na tisa. Mwajabu naye alikuwa na ishirini na nane, imekatwa pale pale.

"Hata kosa umelinakili," mwalimu akasema.

Mwajabu akaanza kulia. "Nilishindwa kugawa, mwalimu."

"Stumai ameketi kando yako mwaka mzima. Ungemwuliza jinsi ya kugawa, angekufundisha. Wewe umechukua jibu lake, na jibu lake ni la mdogo wake."

Bi Mwantumu, nywele zimemtimka, akamtazama binti yake wa kulea. Alikuwa ameumia, na hakuficha. "Tunalala nyumba moja, mwanangu. Hukuweza kunizungushia futi hata mara moja?" Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, umesikia. Kipimo cha jirani hakimtoshi shangazi. Mpe nafasi nyingine, kitambaa nitaleta mimi."

Mwalimu akampa wiki moja. "Kuiga njia si aibu," akamwambia, "sote tumefundishwa na mtu. Ila mtaje aliyekufundisha, na kazi ufanye mwenyewe."

Jioni ile Stumai alikaa naye wakigawa hesabu hadi ikaeleweka. Kesho yake Mwajabu aliandika juu ya ukurasa mpya: "Kugawa nimefundishwa na Stumai. Vipimo ni vya shangazi, nimepima mwenyewe." Akamzungushia shangazi yake futi, nayo ikaishia njiani. Ikabidi aweke alama kwa chaki na kuanza tena. Aliona haya kuandika tarakimu ile.

"Andika ulichokiona," Bi Mwantumu akamwambia. "Usinipunguze."

Gauni jipya lilikaa, na cheti kikapatikana. Nanyi kila mmoja achukue karatasi yake, akae upande wake, aandike anachokijua mwenyewe, kikubwa au kidogo. Kipimo cha jirani hakimtoshi shangazi.