Mgeni wa Matope kwa Sultani Shomvi

Palikuwa na Sultani, Mwinyi Shomvi wa Kitangani, aliyedhani hata mvua ni raia wake. Basi akataka maji ya masika yatoke mjini kwa amri.

Na maji yenyewe kayaita mwenyewe! Katikati ya mji palikuwa na bonde la matete, na humo Bi Kidawa, mjane mwenye ulimi mkali, akiotesha miche ya mikungu na mizambarau. Mvua ikinyesha, bonde hunywa, mji hulala mkavu. Sultani akaliona bonde uchafu. Akalifukia, akasakafia mawe meupe mpaka mlangoni kwake, ili farasi wake asichafue kwato. Bi Kidawa akahamishia kitalu chake ukingoni mwa mji.

Masika yakaja. Maji yakalitafuta bonde, hayakuliona. Yakateleza juu ya sakafu ile, yakaingia kasri. Kadhi akasimama ngazini, akayasomea amri ya kutoka. Yakapanda ngazi moja.

Ndipo Bi Kidawa akaitwa. Akatoka kitaluni mbio, jembe mkononi, akamkuta Sultani kasimama juu ya meza, kanzu kaikunja magotini.

"Kidawa! Maji haya ni yako. Yalikuwa yakikaa kwako."

"Yalikuwa, Maulana. Ukayavunjia nyumba. Asiye na kwake atalala wapi, kama si kwa mkubwa wa mji?"

"Sikuyaita!"

"Umeyatandikia njia nyeupe mpaka mlangoni. Kukaribisha kukoje tena?"

Kadhi akakohoa kuficha kicheko. Sultani akawaka.

"Yatoke leo hii! La sivyo miche yako yote ing'olewe, nawe uhame mji!"

Moyo ukamlipuka Bi Kidawa. Miche mia nne, mingine haina hata majani mawili! Lakini ulimi wake haukujua woga.

"Yameingia lini, Maulana?"

"Juzi! Leo siku ya tatu yamelala hapa hapa, yamekula mazulia yangu, hayasemi hata ahsante!"

"Siku ya tatu, umesema?"

"Ya tatu! Kadhi shahidi!"

Bi Kidawa akajifunga kanga kiunoni, akapita majini hadi mezani, akamnyooshea Sultani jembe, mpini mbele.

"Basi, Maulana, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu wako hana mikono. Shika wewe mwenyeji umlimie. Bonde unajua mwenyewe ulipolifukia."