Mfuko Usiokula Kikavu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya mtu aliyeshiba au ya mgonjwa? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale palikuwa na kijiji chenye mitaa miwili, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, na bonde moja tu la mpunga. Bonde halikugawika. Kila mwaka mvua zikiisha, kila mtaa ulitoa kijana wake. Wakaogelea mto mpaka ng'ambo, wakapanda kilima mbio, wakaiendea ngoma iliyotundikwa kileleni. Aliyeiliza kwanza, mtaa wake ulilima mpunga mwaka ule. Wengine walikula mihogo.

Lakini ngoma yenyewe ilikuwa na maringo. Ikiguswa na mkono mbichi, wenye maji, inalegea, hailii. Kwa hiyo mshindani alivuka na mfuko wenye shuka kavu, akajifuta, akabadili, ndipo akapanda.

Mtaa wa Chini walikuwa wamekula mihogo hata watoto wakaiota usingizini. Mwaka uliopita kijana wao alitangulia kufika, kumbe mfuko wake uliingia maji. Alipopiga ngoma, ikanyamaza kama imefiwa. Basi safari hii wakamtoa Siwatu, binti aliyeogelea kama kenge.

Siwatu alilelewa na shangazi yake, Bi Mize, msukaji wa mikeka. Bi Mize akamsukia mkoba wa ukindu, akaupaka nta, akautia ukuta katikati. Juu ni mahali pa vikavu. Chini ni mahali pa vibichi, na huko chini akaacha vitundu maji yatoke. Kwa sura, mkoba ulikuwa mbaya. Siwatu alipouona akacheka.

"Shangazi, hiki ni kibebeo au mzinga wa nyuki?"

"Ucheke tu. Nguo mbichi na nguo kavu ukizilaza pamoja, zote zitaamka mbichi."

Siwatu hakutaka kuonekana na mzinga mgongoni. Siku moja akaenda gulioni kutafuta mfuko wa maana. Huko akamkuta mwanamume mrefu mwenye koti jeusi, anajifuta kidevu kwa kitambaa kila akifungua mdomo. Alikuwa na mfuko mmoja tu, mwekundu, laini kama sikio la paka.

Siwatu akauliza kama una ukuta ndani.

"Ukuta wa nini, binti? Mfuko wangu hauli kikavu. Hula kibichi tu." Akajifuta kidevu.

Siwatu akawaza nguo mbichi. Nanyi mngewaza nini? Msinitazame hivyo. Akauliza bei. Yule mtu akasema bei si neno, atakuja mwenyewe kuchukua chake siku ya mashindano. Siwatu akaondoka na mfuko, furaha tele.

Basi, nyumbani akaujaribu. Akadondosha ndani kanga mbichi iliyotoka kufuliwa, akafunga, akafungua, akaukung'uta. Kanga ikatoka kavu kabisa. Ila maua yake yalikuwa yamefifia, na jina lake halisomeki tena.

Bi Mize akaipindua kanga ile huku na huku. "Huu haukaushi," akasema. "Huu unakula."

Siwatu akatia samaki mbichi. Ukatoka mwiba mtupu, mkavu, safi kama umekombwa na paka.

"Huu haukaushi. Huu unakula."

Siwatu akajibu kwamba yeye hana haja ya kubeba samaki, yeye atabeba shuka, na shuka ni kavu. Ukimsikiliza haraka, maneno yake yalikuwa na akili. Bi Mize hakubishana. Asubuhi ya mashindano alimfunga ule mkoba wa ukindu mgongoni kwa nguvu, kama anamfunga mbuzi, akamwambia abebe yote miwili anyamaze. Siwatu akaubeba ili aachwe na makelele.

Akaingia mtoni. Kijana wa Mtaa wa Juu alikuwa hodari, lakini kenge ni kenge. Siwatu akatokea ng'ambo mwenzake bado yuko katikati ya maji. Akafungua mfuko mwekundu atoe shuka, akaingiza mkono.

Mkono mbichi.

Mfuko ukafumba. Ukaubana mkono mpaka kwenye kiwiko, ukaanza kunyonya. Siwatu akavuta, ukavuta. Akavuta, ukavuta. Hapo kwenye matete akatokea yule mwanamume, akavua koti, na chini ya koti hakukuwa na mtu. Lilikuwa zimwi, lina meno mpaka kifuani.

"Nimekuja kuchukua changu," likasema. "Nilikuambia wazi, binti. Mfuko wangu hauli kikavu. Hula kibichi tu. Na wewe u mbichi tangu utosini."

Siwatu akaogopa, lakini akili ikamrudia. Maneno aliambiwa yote. Yeye ndiye aliyeyasikia nusu. Akapeleka mkono wa pili mgongoni, akafungua sehemu ya juu ya mkoba mbaya wa shangazi yake. Humo mlikuwa na shuka, Bi Mize ameitia bila kumwambia, na ilikuwa kavu kama siku ilipokunjwa. Akaipitisha kwapani, begani, mpaka kiwikoni, akaiingiza mdomoni mwa mfuko.

Mfuko ukautema mkono kama umeonja shubiri.

Zimwi likaudaka mfuko, likainama kuuchungulia una nini. Kwa uchu, mate yalikuwa yanalichuruzika.

"Babu," Siwatu akasema, "leo kitambaa chako umekiacha wapi?"

Zimwi likapapasa kidevu. Kidevu kilikuwa kimelowa. Mfuko ukalishika kwa ndevu, ukameza kichwa, ukameza mabega, ukameza lililobaki. Siwatu akaufunga kamba, akaufukia, akaweka jiwe juu.

Kijana wa Mtaa wa Juu alikuwa ameshapita, yuko kilimani. Siwatu akakimbia bila kubadili, nguo zimelowa, nywele zinatiririka, akampita pale kwenye mawe. Kileleni wazee wakatikisa kichwa. Mtoto wa watu huyu, anatona kama paa bovu.

Siwatu akanyoosha ule mkono uliotemwa. Ulikuwa mkavu kama kuti, ngozi imekunjamana, vidole havikunjuki vizuri. Akapiga.

Ngoma ikalia.

Mtaa wa Chini wakalima bonde, wakala wali mwaka mzima. Mkono haukurudi hali yake. Siku ya kupandikiza mpunga Siwatu alishika miche kwa mkono mmoja, ule mwingine umelala mapajani, na Bi Mize akampandia safu yake. Jioni Siwatu akamwomba amfundishe kusuka mkoba wenye ukuta.

"Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huu huu."

"Basi kaa. Utasuka polepole."

Hadithi yangu imechoka, imekaa kitako hapa. Ukichagua mfuko, usiulize una rangi gani. Uliza vibichi vinakwenda wapi. Na ukijibiwa, sikiliza jibu mpaka mwisho.