Kuku wa Saluni kwenye Rafu ya Ufugaji

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, wala msinihesabie miaka, maktaba ya chuo kikuu kimoja ilikuwa na chumba cha vitabu vya watoto vyenye picha. Chumba kile kilikuwa na desturi yake. Ndani ya kila jalada palikuwa na mstari: “Tunacho kwa sababu ya...” na hapo huandikwa jina moja tu. Mwenye jina ndiye huwasomea watoto kitabu kile mara ya kwanza.

Mzee Lukumbuzya alipanga vitabu humo tangu ujana wake, na jina lake halikuwamo hata katika kimoja. Roho ilimuuma, jamani!

Siku moja, kwa haraka zake, alikuta kitabu kipya kimeandikwa “Kuku wa Mwajabu”. Hakufungua. Akakibandika namba, akakipeleka rafu ya ufugaji, kati ya chanjo na mabanda, akasahau. Mwaka ule mchwa wakaingia chumba cha watoto, wakala rafu nzima. Na nakala nyingine za kitabu kile? Zikaisha moja moja huko nje, zikichanikia mikononi mwa watoto.

Miaka ikapita. Felista, mwanafunzi wa tiba ya mifugo, akaenda kwenye rafu ile kutafuta habari za kideri, ugonjwa wa kuku. Akafungua kitabu kile, lahaula! Kuku kajifunga kanga, yuko saluni anasukwa! Binti alicheka mpaka akatolewa nje. Akauliza huku, akauliza kule, miezi mitatu, hata akampata mchoraji, Bi Sikudhani, ajuza sasa. Bibi alipoiona kazi yake alilia, akacheka, akalia tena.

Siku ya kusoma ikafika. Watoto wamejaa mkekani. Bi Zamoyoni, mkuu wa maktaba, kashika kalamu, mstari wa jina bado mtupu.

“Kuku ni wangu,” akasema Bi Sikudhani. “Nilimchora kwa mkono huu. Vitabu vilipotoka nilikuwa namuuguza mama, sikuwahi kumsomea mtoto hata mmoja.”

“Shikamoo bibi, sikubishii,” akasema Felista. “Lakini bila mimi, angekuwa bado anasikiliza habari za chanjo.”

Bi Zamoyoni akaitazama namba ya jalada. “Mzee Lukumbuzya, huu si mwandiko wako?”

Mzee akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akafikiri, akaangua kicheko.

“Ni wangu! Nimekosa, nakiri. Lakini ningeifanya kazi yangu sawasawa, mchwa wangemla huyu kuku na kanga yake! Mimi kesho nastaafu. Niandikeni jamani, nisome japo mara moja!”

“Mzee, na uzembe nao unatuzwa siku hizi?” akauliza Felista, naye anacheka.

“Mwache, ana hoja,” akasema Bi Sikudhani, ila kitabu hakukiachia.

“Tusomewe! Tusomewe!” wakapiga kelele watoto. Bi Zamoyoni akaishusha kalamu kwenye mstari.

Haya, nyinyi mnaocheka sana, mshikeni mkono Bi Zamoyoni: aliyemchora kuku, aliyemwona, au aliyempoteza akapona? Je, nani alistahili kusoma?